Nani kalibomoa hekalu la Parthenon? Na hicho kijiwe cha mfukoni ukifanyeje

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni baharia, mtu wa Tanga. Meli yetu ilifunga Piraeus siku mbili nikapanda treni mpaka Athens kwenda kuliona lile hekalu la kilimani, Parthenon. Nimekuta kreni na majukwaa ya mafundi, yaani kama saiti ya ujenzi. Mwongoza watalii mmoja akawa anawaambia watu kwamba Waturuki waliligeuza msikiti halafu wakalilipua. Mimi ni Muislamu, sikujisikia vizuri. Mwenzangu wa melini, Mgiriki, yeye anasema Waingereza ndo wezi. Naomba ukweli, nani alilibomoa? Na mbona wanakarabati tangu sijazaliwa na hawamalizi? Halafu kuna mawe meupe mapya yamepachikwa kwenye nguzo za zamani, si wanaharibu? La mwisho usinicheke, niliokota kijiwe cheupe pale chini nikatia mfukoni. Sasa kipo nyumbani kwenye kabati la vyombo, mke wangu anasema kina mkosi. Nifanyeje?"

Marahaba, baharia. Sikucheki, hilo la kijiwe nishaulizwa na watu wazima wenye digrii zao, kwa hiyo tulia, tutafika huko. Naona umeuliza maswali manne lakini shina lake moja, unatafuta wa kumlaumu halafu unaogopa usije ukawa na wewe umo kwenye orodha.

Sasa sikiliza. Huyo mwongoza watalii kachukua mambo mawili ya kweli kayaunga akapata moja la uongo. Kweli lilikuwa msikiti. Kweli lililipuka likiwa mikononi mwa Dola ya Uthmania, yaani dola ya Waturuki. Ila aliyepiga bomu hakuwa Mturuki, na kuwa msikiti sio kulikoliponza, bora hata ungesema ndiko kulikoliweka hai muda wote ule. Jengo likikosa mtu wa kupanda juu kuziba paa linapovuja, hata liwe la marumaru, linakwisha. Wewe mtu wa pwani hili hufundishwi, unazijua zile nyumba za mawe zilizohamwa, kwanza wanaingia popo, baadaye mkuyu unaota ukutani, mwisho unakuta ukuta umelala. Parthenon limetufikia kwa sababu kila aliyeiteka Athens alikuta jengo zuri akasema hapa ndo nitasalia mimi.

Tupige hesabu basi. Walianza kulijenga 447 KK, na 438 KK likazinduliwa, michongo ya juu ikamalizika kama 432 KK. Likawa nyumba ya Athena, mungu wa kike wa mji ule, kwa miaka karibu 1,000. Halafu Ukristo ulipotawala, mnamo karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo, likawa kanisa la Bikira Maria, na likabaki kanisa tena kwa miaka karibu 1,000, kwanza la Waorthodoksi, kisha baada ya Wafaranki, wale wapiganaji wa Ulaya Magharibi, kuingia mwanzoni mwa karne ya 13 likawa la Wakatoliki. Watu hawalijui hili! Limekuwa kanisa muda unaokaribia ule liliokuwa hekalu. Mfalme Basil wa Pili wa Bizanti, ile dola ya Wakristo wa mashariki, alienda kushukuru humo ndani mwaka 1018 baada ya kuwashinda Wabulgaria. Msikiti likawa karne ya 15, Waturuki walipouchukua mji, na lilidumu hivyo miaka mia mbili na kitu tu. Yule msafiri wao Evliya Çelebi alilitembelea karne ya 17 akaliandikia sifa mpaka mwisho. Mnara wao waliuinua kwenye kona ya kusini magharibi juu ya mnara mwingine uliojengwa enzi za kanisa, na ngazi zake za kuzunguka zimo ndani ya jiwe mpaka leo.

Kwa hiyo mpaka mwaka 1687 lile jengo lina umri wa miaka zaidi ya 2,100 na bado limesimama, kuta zipo, nguzo zote za nje zipo, 46.

Sisemi kwamba waliotangulia hawakuligusa, walilichokonoa haswa. Moto mkubwa ulishaunguza paa na ndani zama za mwisho za Warumi, ikabidi litiwe paa jingine. Wakristo walipoligeuza kanisa walihamishia mlango magharibi, wakajenga ukuta wa nusu duara upande wa mashariki, na kwa ajili hiyo wakang'oa sanamu za katikati ya pembetatu ya mbele iliyo chini ya paa, zile zilizokuwa zinaonyesha kuzaliwa kwa Athena. Ile michongo ya vibao vya nje, upande wa mashariki, magharibi na kaskazini, wakaigonga kwa patasi mpaka sura zikapotea, kwao yalikuwa masanamu ya kipagani. Kibao kimoja cha kaskazini kilipona, na inadhaniwa waliona wale wanawake wawili waliochongwa wanafanana na Malaika Gabrieli anampa habari Mariamu. Kimeponea hapo.

Na kabla ya hao wote lilikuwepo hekalu jingine pale pale, lilikuwa bado linajengwa Waajemi wakaja 480 KK wakalichoma. Kama ulitazama ukuta wa kaskazini wa kile kilima ukiwa chini mjini, kuna vipande vya nguzo za mviringo vimepangwa juu ukutani, hivyo ni vya hilo la kwanza. Watu hupita hawavioni.

Haya, twende kwenye usiku wenyewe. Waveneti, Wakristo wa Italia, walikuwa vitani na Dola ya Uthmania, jemadari wao mkuu Francesco Morosini. Wakaizingira Athens. Askari wa Kituruki wakajifungia juu kilimani, baruti wakaiweka ndani ya Parthenon na familia zao pia humo humo, nadhani kwa mawazo kwamba jengo limejengwa nene vile na Wakristo hawatapiga kitu kilichokuwa kanisa lao. Tarehe 26 Septemba 1687, jioni, bomu la mzinga lililorushwa kutoka kilima cha jirani likaingia kwa juu likaikuta baruti. Paa likaruka, kuta za ndani zikalala, nguzo za katikati upande wa kaskazini na wa kusini zikaanguka. Inakadiriwa walikufa watu 300 hivi, wakiwemo wanawake na watoto. Ndo maana ulipolitazama kwa ubavuni ulikuta ncha zake mbili zimesimama vizuri na katikati ni kama limeng'olewa meno.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alibomoa, nakujibu bomu la Mveneti na baruti ya Mturuki, kila mmoja na fungu lake. Na Morosini hakuishia hapo, alitaka kuondoka na zawadi, akaamuru wateremshe sanamu za farasi wa pembetatu ya magharibi, vifaa vikashindwa, farasi wakaanguka wakavunjika vipande. Mwaka uliofuata akauacha mji wenyewe, hakuwa na haja nao. Waturuki waliporudi wakajenga kimsikiti kidogo katikati ya magofu, Wagiriki wakakibomoa karne ya 19 walipopata uhuru wao.

Sasa huyo mwenzako wa melini. Na yeye ana haki kwa kiasi chake. Lord Elgin alikuwa balozi wa Uingereza Istanbul, kuanzia 1801 watu wake wakawa wanateremsha sanamu, na zile zilizokuwa bado zimeshikamana na jengo wakazikata kwa misumeno. Ukuta ulikuwa na mkanda wa michongo, mita 160 za maandamano ya watu na farasi, kila jiwe nene ni sehemu ya ukuta wenyewe, wao wakapasua uso wa mbele ili mzigo upungue uzito. Hapo baharia nikupe kisa chako. Meli mojawapo iliyobeba makasha hayo, Mentor, ilizama 1802 karibu na kisiwa cha Kythera. Ikabidi watafutwe wapiga mbizi wa Kigiriki, wale wanaozamia sponji, wakashuka kwa pumzi zao, hakuna mtungi wala nini, kasha moja moja mpaka wakayatoa, kazi ikafika 1804. Yaani mawe ya kwao wenyewe wakayaopoa chini ya bahari ili yaendelee na safari ya kwenda London.

Elgin alifilisika akayauza kwa Bunge la Uingereza 1816 kwa pauni 35,000, yakaingia British Museum, na mpaka leo karibu nusu ya michongo iliyobaki duniani iko kule. Waingereza wanasema alikuwa na ruhusa ya serikali iliyotawala wakati ule, kwamba yangebaki yangezidi kuharibika, na kwamba sheria yao ya 1963 inalizuia jumba hilo kugawa vitu vyake. Hoja ya pili ina uzito, tuwe wakweli, watu walikuwa wanavunja marumaru pale kutengeneza chokaa. Lakini ile ruhusa iliyobaki mkononi ni tafsiri ya Kiitaliano tu, hati yenyewe ya Kituruki haijaonekana, na 2024 kwenye kikao cha UNESCO mwakilishi wa Uturuki alisema hawaijui hati ya namna hiyo kwenye nyaraka zao. Halafu hao hao waliosema wanayatunza, miaka ya 1930 wakayasugua kwa brashi za waya yawe meupe, wakati Wagiriki wa kale walikuwa wameyapaka rangi, buluu, nyekundu, dhahabu. Weupe unaousifia wewe na mimi ni rangi kuchujuka tu.

Mimi maoni yangu yarudi. Kuna sanamu ya Poseidoni, mungu wao wa bahari, kifua chake kipo Athens na mabega yapo London. Hiyo kwangu inatosha. Mwaka 2023 Vatikani wamerudisha vipande vyao vitatu na dunia haikuisha.

Tuje kwenye kreni zako, na hapa ndo kazi yangu ilipo kwa hiyo nivumilie kama nitarefusha.

Kwanza ondoa kichwani ile marumaru ya dukani ya kubandika sakafuni, sisi siku hizi kila tailizi tunaiita marumaru. Hapa nazungumzia jiwe lenyewe, kutoka mlima Pentelikon, kilomita kama 16 toka pale. Nguzo moja ina urefu wa mita 10 na kidogo, na sio jiwe moja, ni pingili zimepandishwa juu kwa juu kama muwa. Katikati hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna chochote. Wamesugua uso wa pingili kwa pingili mpaka zikakutana sawasawa, na katikati kabisa wametoboa shimo la mraba wakatia kipande cha mti chenye kijiti cha mviringo, ili pingili ya juu ikae dira moja na ya chini. Mafundi wa leo walipofungua baadhi ya hizo pingili wakaikuta ile mbao ipo. Miaka 2,400! Hewa na maji havikupata pa kupita. Mimi nimewahi kuona mbao ya mlango wa miaka ishirini imeliwa na mchwa ikabaki rangi tu.

Mawe ya ukutani yalibanwa kwa vibanio vya chuma, na hapa Wagiriki wa kale walikuwa wajanja, kila kibanio walikimiminia risasi iliyoyeyushwa kikazungukwa chote. Risasi ni laini, jengo likitikisika kwa tetemeko inanyumbuka, na inakizuia chuma kisipate kutu. Wagiriki husimulia kwamba kwenye vita vya uhuru askari wa Kituruki waliozingirwa pale juu walianza kuvunja mawe waipate hiyo risasi watengeneze za bunduki, na Wagiriki wakawaambia acheni tutawapa risasi zetu. Hadithi hiyo ichukue kama hadithi, ila inapendeza kwa Kiswahili maana neno letu ni lile lile.

Sasa akaja mhandisi Nikolaos Balanos. Mgiriki, mzalendo, analipenda hekalu kuliko nafsi yake. Kuanzia 1898 mpaka 1933, kwa vipindi, alisimamisha nguzo zilizoanguka, na ule mstari wa nguzo za kaskazini uliopiga nao picha ni kazi yake. Lakini aliyaunganisha mawe kwa chuma cha kawaida, hakuweka ile risasi. Na mawe mengine akayakata yaingie pale alipotaka, jiwe la huku kalipeleka kule. Wewe umeishi pwani, umeona slabu ya nyumba iliyo karibu na bahari, nondo ikishika kutu inavimba na zege linapasuka linadondoka vipande vipande. Ndo kilichotokea. Kutu inakula nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na jiwe halina pa kukimbilia, likapasuka kwa ndani. Majeraha mabaya kabisa ya karne iliyopita yaliletwa na daktari wake mwenyewe.

Ongeza moshi wa magari na viwanda vya Athens. Mvua ikichanganyika na huo moshi inakuwa na asidi, ikigusa marumaru uso wake unageuka jipsam, ile ile ya darini, na jipsam ikipigwa na mvua nyingine inaondoka na pua na vidole vya sanamu. Kwa sababu hiyo 1993 wakateremsha mkanda wa michongo wa magharibi uliokuwa bado juu wakaupeleka ndani, na leo uko kwenye makumbusho mapya ya Acropolis, ndilo jina la kile kilima, yaliyofunguliwa 2009.

Serikali ya Ugiriki iliunda kamati ya wataalamu 1975, na kwenye Parthenon wakaanza kazi yenyewe miaka ya 80. Kwa hiyo unapouliza mbona hawamalizi, elewa kwamba nusu ya kazi ni kumfungua Balanos. Wanapandisha kreni, wanatoa jiwe, wanachimba chuma chenye kutu taratibu lisipasuke zaidi, wanatia titaniamu ambayo haishiki kutu, halafu wanajiuliza hili jiwe kweli ni la hapa? Manake hakuna mawe mawili yanayolingana sawasawa. Ile sakafu uliyoiona bapa sio bapa, imepanda katikati kama mgongo wa samaki, ubavu mrefu umeinuka kama sentimita 11, na nguzo zote zimeinama kidogo kwa ndani. Kila jiwe lina pembe yake peke yake kwa hiyo lina mahali pamoja tu duniani. Chini kuna maelfu ya vipande vimetawanyika, na msanifu Manolis Korres na wenzake wamekaa miaka na miaka wakitafuta hiki kinaingia wapi. Ni chemshabongo ambayo nusu ya vipande vililipuka na vingine viko nchi nyingine.

Na hayo mawe meupe mapya yaliyokukera, hayo yametoka mlima ule ule. Wanayatia pale tu ambapo bila ya hilo jiwe la kale halitasimama, yanachongwa yafuate mpasuko wa lile la zamani, sio la zamani lichongwe lifuate jipya kama alivyofanya yule bwana. Na yanaweza kutolewa kesho mtu akipata njia nzuri zaidi. Weupe wao utapungua, marumaru ya Pentelikon ina chuma kidogo ndani yake, ikipigwa jua miaka inashika rangi ya asali. Mimi binafsi napenda hivyo hivyo zinavyotofautiana, jicho lijue kipi cha Iktinos na Kallikrates, wale wasanifu wake wa kwanza, na kipi cha fundi wa juzi. Kulijenga lote likawa jipya hawatafanya, na wasifanye. Anayetaka zima lenye paa aende Nashville, Marekani, wana nakala ya ukubwa ule ule ya zege. Nzuri tu kwa kupigia picha.

Haya, kijiwe.

Uwezekano mkubwa ulichokiokota ni kibanzi cha patasi, pale mafundi wamechonga marumaru mpya miaka arobaini na vibanzi vinazagaa. Lakini hilo halikuokoi moja kwa moja, kuchukua jiwe lolote pale juu ni marufuku na sheria yao ya mambo ya kale ni kali. Usikiuze, hata kama kuna mtu anakutumia ofa. Usikitupe baharini kumfurahisha mke. Usikioshe kwa ndimu wala siki wala dawa ya choo, asidi inakula marumaru kama nilivyokueleza hapo juu.

Kitoe nje ukitazame juani. Kikiwa kimevunjika pande zote na ndani kinametameta kama sukari, basi ni kibanzi tu. Ila kikiwa na upande mmoja umenyooka, au mikwaruzo iliyojipanga sambamba ya patasi, au alama yoyote ya rangi, hapo usikiguse tena kwa mikono mitupu, na usinitumie picha, picha haisemi kitu. Kinatakiwa kionwe kwa macho na mtu wa akiolojia. Ukifika Dar nenda Chuo Kikuu, idara ya akiolojia, ueleze ukweli wako wote, watu wa fani hii hawana tabia ya kumwitia polisi mtu aliyekuja mwenyewe.

Kwa vyovyote vile mimi ningekirudisha. Andikia ubalozi wa Ugiriki Nairobi, sema umeokota lini na unataka kurudisha, subiri wakuelekeze. Usikibebe mfukoni ukirudi Piraeus ukidhani utakiacha kimya kimya pale kilimani, ukikamatwa nacho forodhani utaanza kueleza hadithi hii kwa Kigiriki. Kwa sasa kifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, weka na karatasi, andika tarehe na ulikiokota upande gani, karibu na ngazi au karibu na nguzo zipi. Usiione kazi ndogo, kwetu sisi hiyo karatasi ina thamani kuliko kijiwe chenyewe, kipande kisichojulikana kilitoka wapi hakimsaidii mtu kukirudisha mahali pake.

Kuhusu mkosi mimi si mganga. Ila kitoe kwenye kabati la vyombo leo leo, mama watoto arudishe vikombe vyake.